Kumi ya Karibu

Usiku wa Jumatano, Mabela. Kiyoyozi kinakoroma.
Muzna kalala kifudifudi juu ya zulia,
penseli kaing'ata mpaka imetoa nyuzi.
Kesho mtihani wa hesabu, darasa la nne,
na mbele yake arubaini na saba
amesimama kama mgeni asiyejua abishe mlango upi.

"Kitabu kinasema *takribu*," ananiambia.
Namwambia, neno letu hilo, mwanangu,
limepanda jahazi zamani likarudi kwa ndege:
takriban, karibu, karibuni ndani.
Tazama. Arubaini na saba katoka matembezini, kachoka.
Nyuma yake nyumba ya arubaini,
mbele yake nyumba ya hamsini.
Nani akisema "karibu" atasikika?

"Hamsini!"

Basi aingie, avue viatu.
Viatu vyake ndiyo ile saba;
akishavivua, inabaki sifuri, mguu mtupu.

Tukachukua risiti ya duka la Shafiku.
Maziwa, baisa mia nne na tisini.
Mkate, mia tatu na kumi.
Mtindi, mia na tisini na tano.
Nyanya, mia saba na ishirini.
Tano, tatu, mbili, saba, kahesabu kwa vidole vya miguu:
"Riali moja na mia saba!"
Risiti ikasema moja na mia saba na kumi na tano.
"Baisa kumi na tano zimekwenda wapi, baba?"
Shafiku kazisamehe. Alisema lete moja na mia saba, yatosha.
"Kumbe na yeye anajua!"

Sikumwambia kwamba mimi kazini sijui.
Dirishani pa dawa, hospitali, mchana kutwa,
mtoto wa kilo kumi na moja na nusu
si mtoto wa kilo kumi na mbili.
Huko sikaribishi mtu.
Nahesabu, narudia, namwita mwenzangu naye ahesabu.
Halafu narudi nyumbani kufundisha takriban.

Mia na tisini na nane mara tano:
akaanza kuzidisha, akabeba, akasahau alichobeba.
Acha! Mia mbili mara tano?
"Elfu."
Sasa tazama majibu manne waliyokuwekea:
tisini na tisa, mia tisa na tisini,
elfu moja mia tisa na tisini, elfu tisa mia tisa.
Jirani yake elfu ni nani? Tia alama, songa mbele,
saa ya ukutani haikadirii.

Akanyamaza. Kisha:
"Na arubaini na tano?"
Anapanda.
"Lakini yuko katikati."
Ndiyo. Anapanda.
"Nani kaamua?"

Nikatafuta jibu, sikulipata.
Mama yangu, Bi Zuwena, simu mkononi, miguu juu ya sofa,
akasema bila kuinua macho:
"Hata mimi walinipandisha."
Siku ya pasi, karani kamuuliza kazaliwa lini.
Kasema, mwaka karafuu zilipokosa wachumaji.
Karani kamtazama uso, kamtazama mikono,
kaandika: tarehe mosi, Januari, elfu moja mia tisa na hamsini.
"Na kweli ulikuwa arubaini na ngapi?"
"Katikati huko. Nani ajuaye?"

Muzna kaketi wima.
"Kwa hiyo ile keki ya Januari..."
"Keki ilikuwa keki," kasema Bibi. "Si uliila?"

Alifuta arubaini na tano mara mbili, karatasi ikatoboka,
ndipo akaandika hamsini, ndogo, pembeni,
kama anayemwingiza mtu kwa mlango wa uani.

Alhamisi nikamsubiri garini, jua la saa saba likichoma usukani.
Kaja anakimbia, shela begani, mkoba wazi.
Umepata ngapi?
"Takriban kumi."
Nikaichukua karatasi. Nane.

Nikawasha gari. Sikumsahihisha.