Mita Kumi na Moja

Dirishani, juu ya kipasha joto,
mpamba wangu umo kwenye ndoo ya rangi.
Idrija haijui pamba. Inajua theluji,
zebaki, na wanawake walioinama.
Mwaka mzima umenipa vitumba vitatu,
na jirani yangu Nežka alicheka hadi akashika mlango:
"Uzi dukani ni senti tu. Kwani unatafuta nini?"

Natafuta kujua uzi unatoka wapi.
Basi.

Venčeslav ndiye aliyetoa mbegu.
Miaka ishirini na sita chini ya mlima
zebaki iliifundisha mikono yake kutetemeka:
kikombe humjazia nusu, vifungo humfungia mimi.
Lakini pamba haidai mkono uliotulia.
Aliivuta, akaivuta, ulimi nje
kama mtoto wa darasa la kwanza,
hadi mbegu kumi na tisa zikalala juu ya gazeti.

Mimi nikasokota.
Pia ikazunguka ndani ya bakuli la supu, ikinung'unika.
Pamba kaidi, nyuzinyuzi zake fupi
kama subira yangu. Ilinikatikia mara nne;
ya tano nikatukana kwa Kijerumani cha bibi.
Mwishowe tukapima kwa mkongojo wa Venčeslav:
mita kumi na moja.
Ukizigawa kwa jozi saba za vijiti, hazifiki mbali.

Mto wa lesi, mviringo kama gogo, nikaulaza kikapuni,
nikachomeka pini penye matundu ya karatasi,
na vijiti vikaanza kuteta:
pishana, sokota, pishana,
pishana, sokota.
Kwa sauti hiyo mzee husinzia.
Anasema hata shimoni aliisikia
kabla taa hazijawashwa.

Siku tatu, jani moja,
dogo kuliko kibiriti,
nene hapa, jembamba kule, na fundo kwenye mshipa.
Nežka alilishika, akaliinua kwenye mwanga.
Safari hii hakucheka.
"Hapa ndipo ulipokatika," alisema,
na kidole chake kikabaki palepale.

Siliuzi. Silitii kwenye fremu.
Limo mfukoni mwa shati la Venčeslav,
nyuma ya kifungo ninachokifunga kila asubuhi.

Na leo nimemkuta kapiga magoti,
udongo umetapakaa sakafu nzima,
ndoo ya pili kaitoboa mwenyewe.
Mbegu kumi na nane kashazifukia.
Ya kumi na tisa imemponyoka.
Bado tunaitafuta chini ya kochi.