Majora Manne ya Nyasi

Zilikuja zimekunjwa kama mikeka ya matanga,
majora manne, juu ya Fuso iliyopitia Gisenyi,
na mtu wa forodha akauliza: hili ni zulia ama ni shamba?
Mume wangu akasema: ni shamba.
Tukalipa ushuru wa zulia.

Parseli yetu iko Majengo, nyumba ya mbao, choo cha bati.
Huko nyuma hakuna udongo. Kuna makoro tu,
meusi, yenye meno, yale yaliyoteremka
mwaka ule tulipokimbia na godoro na redio.
Watoto wamecheza juu yake kwa gharama ya magoti:
Muhindo ana kovu lenye umbo la kisiwa cha Idjwi,
Kavugho hana kucha ya dole gumba,
na bado wanaomba mpira.

Fundi Nzanzu alivunja siku kumi na moja.
Siku ya nne mtarimbo ulizama, ukagonga kitu kinacholia.
Bati.
Paa la jikoni la mama mkwe,
limekunjamana kama karatasi ya peremende.
Alitoka, akalitazama, akachora hewani kwa mwiko:
"Basi mlango ulikuwa hapa."
Akarudi kwenye maharagwe yake.

"Hatuchimbi mfereji wa maji?" niliuliza.
Nzanzu akamwaga ndoo nzima mbele ya miguu yangu.
Jiwe likanywa lote, hata povu halikubaki.
"Mama, huku chini kuna kiu ya mlima mzima."

Kisha kokoto. Kisha mchanga, chukudu baada ya chukudu,
vijana wakiteremka nao, goti moja juu ya ubao,
breki ni kisigino na Mungu.

Kisha nyasi.
Mimi nauza vitenge Birere. Miaka kumi na sita
mikono hii imekuwa mita.
Nilipitisha kiganja: jora la kwanza lililala kuelekea ziwani.
La pili lilisimama, likanikwaruza.
"Nzanzu, umeunga uso na mgongo."
"Mama, nyasi hazina uso."
"Kila kinachouzwa kwa mita kina uso."
Akacheka. Mume wangu naye akacheka, kidogo, kwa tahadhari.
Nikavuta kiti, nikangoja jua liiname.
Liliinama. Upande mmoja ukang'aa kama kambare,
wa pili ukawa kijani cha giza, kama umenuna.
Hakuna aliyecheka.
Aling'oa, na gundi ilishaanza kushika.
Alitukana kwa Kinande. Nikamjibu kwa Kinande.

Mwisho tukamwaga punje za mpira, matairi yaliyosagwa,
tukazifagilia ndani ya majani,
na weusi ukarudi juu, kidogo kidogo,
kana kwamba haukukubali kuachwa chini.

Mbuzi wa jirani akaja, akang'ata mara moja,
akatutazama sote
kama watu waliomwalika mgeni kwenye sahani tupu.

Muhindo alianguka makusudi.
Akainuka, akatafuta damu, hakuiona.
Akaanguka tena.

Mama mkwe ameleta kigoda chake ndani ya uwanja,
hatua tatu kutoka golini, pale pale alipochora kwa mwiko.
Haondoki. Anachambua mchele.
Kwa hiyo sheria imebadilika: mpira ukigusa kigoda, ni faulo,
ukigusa ungo, mechi imekwisha.

Usiku nilitoka pekupeku.
Juu ya mlima kulikuwa na wekundu, kama kawaida.
Nyasi zilikuwa na joto bado,
na sikujua kama ni la jua la mchana
ama limepanda kutoka kule ambako maji ya Nzanzu yalikwenda.
Nikapima kwa hatua: ishirini kwa kumi na mbili.
Deni lililobaki: jora moja na nusu.
Nilisimama juu ya nusu ile.
Ilikuwa laini.