Maji ya Jumanne

Miaka ishirini na sita mama alisoma mto.
Aliusoma kwenye rula ya chuma
iliyosimikwa chini ya daraja, Mumias,
nusu imeliwa na kutu, nusu na matope.
Saa moja asubuhi, saa kumi na moja jioni,
Rispa Namalwa, karani wa kipimo,
aliinama, akaandika:
moja nukta nne. Moja nukta sita.
Aprili ile mbaya: nne nukta tisa,
na chini yake, kwa penseli, "leo nimeshindwa kuifikia."

Alipostaafu walimpa chupa ya chai na barua.
Nikaazima gari la shemeji, nikamwambia, twende
ukaone anakotoka huyu mgeni wako.
Alivaa viatu vya kanisani.

Webuye. Nabuyole. Mto mzima
unajimwaga kwenye miamba
kama debe la mahindi lililomponyoka mtu.
Vijana walipiga picha, maji wameyapa kisogo.
Mama alitafuta alama ya mafuriko kwenye mizizi.
"Hapa ni mita ngapi?" akamuuliza Wabwile,
kijana aliyejiita kiongozi wa wageni.
"Picha ni hamsini, mama. Kuangalia ni bure."
Alicheka mpaka kitambaa kikamteleza.

Kisha barabara ikaanza kupanda.
Miwa ilituacha, mahindi yakatusindikiza,
nayo yakachoka, yakatukabidhi kwa viazi.
Gia ya pili. Gia ya kwanza.
Tukiupoteza mto, kona ya mbele tunaukuta tena,
umekonda zaidi, unaongea haraka zaidi,
kama mkubwa uliyemjua kabla hajapata cheo.

Juu ya Kapcherop ukungu ulikaa barabarani
kama ng'ombe asiyejali honi.
Wanawake walikuwa wakiosha karoti
chini ya maporomoko yasiyo na kibao wala kiingilio,
uzi mweupe tu, jiwe jeusi, baridi.
Mama akavua viatu. Akaingia.
Maji yalimfika kwenye kifundo.
"Sifuri nukta moja," akasema, sauti ikamkwama.
"Ndiye huyu?
Ndiye huyu aliyenichukulia mbuzi watatu,
na choo, na mwana wa Khaemba?"
Mwanamke mmoja hakuelewa lugha yetu.
Alimpa karoti, ameiosha mara mbili.
Mama aliila pale pale, amesimama ndani ya mto.

Nilitoa simu, nilitaka uso wake.
Yeye alikuwa akihesabu kwa vidole:
"Leo Jumapili, saa nane.
Kesho usiku yatakuwa Webuye,
yatavunjika pale, yatajikusanya, yatasahau.
Jumanne, saa nne hivi, yatapita darajani."
Sikumbishia. Nani ambishie?

Tulishuka gizani pamoja na mto,
taa zetu mara zikiugusa, mara zikiupoteza,
mama amelala, viatu vimepakatwa,
nami nikijikuta nakanyaga mafuta
kama mtu anayeshindana.

Jumanne, saa nne kasoro, sikumkuta nyumbani.
Alikuwa chini ya daraja, karibu na rula,
hana daftari.
Karani mpya alikuwa ameshaandika namba zake, ameondoka.
Mto ulikuwa wa kahawia, mpana, wa kila mtu:
povu, gunia, jani la mgomba.
"Yamefika?" nikauliza.
Alinyoosha kidole,
kama anayekuonyesha ndugu yake kwenye umati,
akakishusha.
"Subiri," akasema. "Bado. Bado kidogo."