Mgawaji wa Pili

Niliitwa ofisini, Shimanzi, kazi yakwama,
Kontena ziko gatini, nayo ada inauma,
Swabra yupo dirishani, wateja wamsakama,
Anwani zatoka wapi, na mgawaji ni nani?

Nikapima kila waya, swichi taa zinawaka,
Seva sikuona baya, namba zake zafurika,
Nikazima, washa, haya: namba ngeni zikashuka!
Anwani zatoka wapi, na mgawaji ni nani?

Chini ya meza ya bosi, kijisanduku cha kwake,
Chagawa namba kwa kasi, na seva isisikike,
Alitaka tu upesi kandanda kwa simu yake.
Nikang'oa. Sikusema anwani katoa nani.