Viraka Viwili Ukutani

Fundi Chibago kapaka viraka viwili
ukuta wa mashariki, chumba cha nyuma,
kila kimoja upana wa gazeti lililokunjuliwa.
"Hiki maziwa. Hiki barafu," akasema,
akafuta brashi kwenye suruali
iliyokwisha kubeba nusu ya nyumba za Nzuguni.
"Vitazame siku nzima, mama. Rangi haichaguliwi dukani."

Nikageuza ndoo, nikakaa kama mlinzi wa zamu.

Saa moja asubuhi maziwa yamelala bado,
barafu iko macho, ina kibuluu cha mshipa
ule wa upande wa ndani wa mkono.
Saa saba vyote vyeupe, vyote vinachoma macho.
Saa kumi na moja jua likaingia dirishani
na vumbi lake jekundu, bila hodi:
maziwa yakawa uji wa uwele,
na barafu, nani angeamini, ikaona haya.

Mimi moyoni nilishaamua. Maziwa.
Mwezi wa saba upepo wa hapa unakata masikio,
na shangazi Mbeleje anatoka wodini,
kilo zake nyingi kaziacha hukohuko.
Mume wangu: "Kiangazi miezi minane,
nawe unataka kuwasha moto ukutani?"
Tukabishana mpaka chai ikaota ngozi.

Akaletwa Jumamosi, kwa bajaji,
mto wake kaukumbatia.
Hakuuliza kitanda kiko wapi.
Akasimama mbele ya viraka,
akabandika kiganja kwenye barafu.
"Hii."
Shangazi, nikasema taratibu, hiyo ni rangi ya hospitali.
"Najua.
Nilipofumbua macho baada ya kisu
nilidhani nimekwisha kufa, weupe mtupu.
Halafu nikaona mjusi, palepale ukutani,
anamvizia nzi.
Nikasema, aa, mbinguni hakuna mijusi."
Akacheka, akashika mshono.

Fundi alirudi Jumatatu na debe moja.
Kiraka cha maziwa kilikuwa kibishi,
kilikula mikono mitatu ndipo kikafunikwa.
Jioni, jua likija na vumbi lake,
mimi bado nakiona, pale juu ya swichi.
Shangazi hakioni.
Amelala chali, shuka hadi kidevuni,
anatafuta mjusi.