Dirisha la Jikoni

Tiketi mbili, elfu thelathini,
na soda moja moja juu.
Mama alizigeuzageuza kama noti zenye shaka.
"Mwanangu, umelipia ziwa?
Si lile lile tunalofulia?"

Boti ina turubai la kivuli na spika inayokohoa.
Maregesi ameshika usukani,
kijana wake Lugoye ameshika kipaza sauti.
Abiria wengine ni maharusi kutoka Kahama,
watalii watatu wenye kofia pana,
na mtoto aliyetapika kabla hatujang'oa nanga.

Mama alivaa boya la rangi ya chungwa juu ya kitenge,
akakaza kamba, akakaza tena,
akauliza mara tatu kama langu limefungwa.
Nikamjibu mara tatu.
Hapa kwetu swali hilo halichekwi.

Tukaiacha nyuma harufu ya dagaa wa Mwaloni.
"Kushoto kwenu," akasema Lugoye, "Jiwe la Bismarck.
Jina walilipa Wajerumani, enzi zao."
Simu zikainuliwa.
Jiwe limekalia mawe mengine
kama mtoto anayegoma kushuka mgongoni,
na juu yake mnandi mmoja ameanika mabawa.
Mama akanyoosha mkono, kama yuko darasani:
"Na kabla ya hapo liliitwaje?"
Lugoye akatazama karatasi yake. Akaigeuza.
Nyuma palikuwa na hesabu ya petroli.
"Liliitwa jiwe," Mama akamsaidia,
na bibi harusi akacheka hadi soda ikampanda puani.

Kapripointi, nyumba zenye madirisha mapana kuliko uwanja wetu.
Saanane, pimbi wanaota jua kama wastaafu.
Kisha boti ikaizunguka rasi,
na mlima wa Igogo ukasimama mbele yetu
wote.

Sikuwahi kuuona wote.
Mimi huujua kwa magoti, ngazi moja moja,
gunia la mkaa begani, nikihesabu milango.
Kumbe ni mlima mmoja. Kumbe una umbo.
Mawe kama ng'ombe waliolala,
na katikati ya ng'ombe, mabati:
ya kutu, ya bluu, yaliyokandamizwa kwa tairi kuukuu.

"Na huku ni makazi ya wenyeji," akasema Lugoye.
"Nyumba zimeng'ang'ania mawe kama mbuzi.
Pigeni picha, mwanga ni mzuri."
Wakapiga.
Nilitaka kusema maji ya bomba huja Jumatano tu,
nilitaka kusema kuna alama ya X nyekundu
kwenye kuta tano, tangu mwaka juzi,
na ukuta wa tatu ni wetu.
Lakini mwanga ulikuwa mzuri kweli.

Mama akasimama. Boti ikayumba.
"Ile pale! Bati la bluu, chini ya jiwe lenye mpasuko!
Dirisha la jikoni, nimeliacha wazi!"

Miaka thelathini na moja amelichungulia ziwa kupitia dirisha lile,
akikaanga mapanki ya kuuza,
akijua saa kwa honi ya meli,
bila kupanda hata moja.
Leo yuko ziwani, analichungulia dirisha.
Kijimraba cheusi, hakizidi ukucha.
Kando yake, kwenye kamba, kitenge cha kijani
kinampungia mwenyewe.

Mtalii mmoja, mama wa makamo, akamsogezea kamera.
Akaivuta picha, akaivuta tena,
dirisha likaja, likakua, likawa ukungu.
"Mwulize," Mama akaniambia,
"kama anaona mtu yeyote ndani."

Nikamwuliza.
Alitazama kwa muda mrefu, muungwana yule,
akavua miwani, akatazama tena.
Akasema hapana, giza tu.

"Basi afadhali," akasema Mama.
Akaketi, akakaza kamba ya boya.
"Nimeacha sato wawili mezani.
Nilidhani paka ameingia."