Mimi ni

Kondo huwasemea wote.
Jasusi akifa, ni Kondo anayekata roho.
Mke wa jasusi akilia, ni Kondo yuleyule, koo la sigara:
"Jamani mume wangu, waniachia nani huu mkopo wa kausha damu?"
Na banda letu la Tandika linacheka
mpaka bati linaitika.

Mimi nakaa mlangoni.
Mpokea mia mbili mbili, mnunua luku,
mjaza flashi, mpepea projekta isiungue.
Miaka mitatu namsikia akiwagawia maneno
Wakorea, Wahindi, majini, farasi.

Lakini ile katuni ya Kijapani,
ya msichana anayetengeneza saa za watu waliokufa,
kila ilipofunguka Kondo alisogeza maiki pembeni
akafungua soda.
"Wimbo hautafsiriwi," alisema.
"Wimbo unapishwa, kama jeneza."

Dakika moja na nusu.
Kwanza kinanda, kijiko ndani ya glasi.
Kisha sauti ya yule dada, imepigwa pasi na mashine,
haina kunyanzi hata moja,
kisha besi inapita chini ya mabenchi
kama paka anayejua anakokwenda,
na ngoma, nne, nne, nne, hazichoki, hazitoi jasho.
"Hii ni singeli iliyonawa uso,"
akasema mdogo wangu Sikudhani,
miaka kumi na mmoja, ndala mkononi.

Halafu vyote vinanyamaza.
Msichana wa saa anaruka kutoka ghorofani, nywele juu,
na yule dada anasema, wazi kabisa,
kama mtu wa Temeke:

mimi ni

na ngoma inaanguka.

Ni nani, sasa? Mbona hamalizii?
Watoto wakamalizia.
Mimi ni Yanga! Benchi la nyuma likazomea.
Mimi ni nesi. Mimi ni rubani. Mimi ni chapati!
Mmoja akasema mimi ni mwizi,
akacheka peke yake, akaacha kucheka.
Sikudhani hakusema kitu.
Nami gizani, bakuli la sarafu mapajani,
nilijaza kimoyomoyo, kila usiku tofauti:
mimi ni fundi umeme,
mimi ni mke wa mtu mwenye gari,
mimi ni yule aliyefeli hesabu mara mbili.

Akaja Evaristi, muuza injini wa Gerezani,
aliyekaa Nagoya miaka miwili akifumua magari.
Alikuja kudai hela yake ya jenereta.
Akasikia. Akacheka hadi akashika nguzo.
"Dada, kwao mimi ni sikio.
Mimi ni, maana yake sikioni.
Kuna kitu kimembakia sikioni. Labda saa. Labda mtu."
"Na sasa?"
"Majani ya mianzi."
"Kesho?"
"Wanja na poda, wakivuta kidogo ile o."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, njia ya sokoni,
wauza nyanya wamelala juu ya magunia yao,
nikiwaza: kesho ni poda.
Kesho ni poda, na mimi nimeingojea
kama mtu anayengoja mshahara.

Watoto sikuwaambia.
Usiku uliofuata walipanga foleni, wakalipa,
mmoja kwa noti iliyoungwa kwa gundi,
na kinanda kilipoanza wakavuta pumzi pamoja,
arobaini na kitu, joto, harufu ya mihogo.
Kondo akafungua soda.
Msichana akaruka.

Nikasikia wote. Yanga. Nesi. Chapati.
Yule wa mwizi safari hii alisema dereva.

Na Sikudhani akaivuta kanga yangu,
akasogeza mdomo, akanijazia pale palipo wazi,
neno moja, lenye unyevu wa barafu ya ukwaju.

Sitaliandika.
Ngoma ikaanguka.